IST cc 1300: lita moja inanifikisha wapi kweli, foleni ya Dar na njia ya Dodoma

Nina Toyota IST ya cc 1300, toleo lile la kwanza kabisa, mwaka wa tatu sasa niko nayo, na kila mtu anayetaka kununua ananiuliza swali moja, lita moja inaenda kilomita ngapi? Na mimi namuuliza, asubuhi unatoka nyumbani saa ngapi? Wengine wanadhani nakwepa swali lakini jibu lenyewe liko hapo hapo.

Nianze na ninavyopima maana hapa ndo watu wengi wanakosea. Ukiweka mafuta ya elfu 20 halafu ukasema "nimetembea siku tatu" hujapima kitu, na geji ya mafuta nayo usiiamini, yangu nusu ya juu inashuka taratibu ile ya chini inaporomoka. Mimi najaza fulu tenki, sheli ile ile, pampu ile ile, bomba likikata mara ya kwanza namwambia dada wa pampu asiongezee hata tone na gari isitikiswe, nasoma kilomita kwenye dashibodi naandika kwenye kadaftari kanakokaa mfuko wa mlango. Nikija kujaza tena, kilomita nilizotembea nagawa kwa lita zilizoingia. Basi. Hesabu ya darasa la nne lakini haidanganyi.

Sasa mjini. Nakaa ndani kidogo ya Mbezi, kazi Posta, kwenda na kurudi kilomita 46 hivi. Nikitoka saa 12 na nusu asubuhi, hiyo Kimara mpaka Ubungo ni kusogea kidogo unasimama, kusogea kidogo unasimama, AC inawaka, injini inaunguruma na gari iko pale pale, yaani mafuta yanaenda na kilomita haiongezeki. Siku 8 za kazi nilitembea kilomita 371 zikaingia lita 37.5, hiyo ni kilomita 9.9 kwa lita. Nikajaribu siku 8 nyingine, njia ile ile, AC ile ile, ila natoka saa 11 na robo alfajiri na jioni nasubiri ofisini mpaka saa 2 kasoro ndo naondoka. Kilomita 369, lita 31.1. Karibu kilomita 12 kwa lita! Sijagusa injini, sijabadilisha plagi, sijaweka dawa yoyote ya kwenye tenki, nimebadilisha saa tu na lita 6 na ushee zimebaki. Siku ile nimekaa sheli naangalia ile hesabu mara mbili mbili, nilihisi kama nimekosea kuandika.

Kuna wanaolalamika kwamba Japani walisema 18 kwa lita sasa mbona hatuioni. Ile 18 ni ya kipimo chao cha zamani, kile cha 10-15, gari inapimwa iko juu ya rola ndani ya jengo na mwendo wa juu kabisa ni 70, hakuna Kimara pale, hakuna lori limeharibika katikati ya barabara. Kwa hiyo msiilaumu gari, iko vizuri, naipenda na ningeinunua tena.

Safari ndefu ndo nilijifunza kwa maumivu. Safari ya kwanza Morogoro, kilomita 176 kutoka sheli yangu, ilikula lita 15.6, yaani kilomita 11 na kidogo kwa lita, njia nyeupe! Injini ilikuwa inalia sana nikifika 80 nikadhani ndo udhaifu wa cc ndogo. Fundi mmoja akaniambia pampu ya mafuta imechoka, ninunue nyingine, na nilishaanza kuulizia bei. Siku moja usiku niko geti la nyumbani nasubiri kufunguliwa, kiza kimetanda, nikaona kwenye dashibodi kataa ka njano kameandikwa O/D OFF, yaani overdrive, ile gia ya juu kabisa, imezimwa. Kumbe kile kitufe kidogo pembeni ya mkono wa gia kilikuwa kimebonyezwa tangu nanunua, na kikiwa hivyo gari haiingii gia ya nne, inaenda na ya tatu mpaka mwisho wa safari. Nikabonyeza, taa ikazima. Bila kutoa hata shilingi. Jamani ukimaliza kusoma hapa nenda kaangalie gari yako, nimewaonyesha watu wawili kazini na mmoja alikuwa nayo inawaka.

Baada ya hapo nikaenda Dodoma na familia, watu wanne na mizigo, upepo wa matairi nimejaza kama stika ya mlangoni inavyosema (niliyakuta yote yako chini, moja lilikuwa limeshuka vibaya). Mwendo 80 mpaka 90, vijijini 50 maana tochi za trafiki ziko kila mahali. Kilomita 438, lita 28.3, sawa na 15.5 kwa lita, na kumbuka unapanda, Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ukianza kuikaribia Gairo utaona mwenyewe.

Kurudi nilikuwa nawahi, sehemu za wazi nikawa nakanyaga 110 mpaka 120. Watu wale wale, AC ile ile, na safari hii ni mteremko kuja pwani. Nikategemea iwe nafuu zaidi. Lita 33.9! Kilomita 12.9 kwa lita. Upepo ndo ulionila, ukikimbia hivyo gari ndogo yenye umbo la kusimama kama hii inausukuma upepo kwa nguvu kubwa mno, mwendo ukiongezeka kidogo ukinzani unaongezeka kwa mraba wake. Lita 5.6 zaidi, tukichukulia lita shilingi 3,000 hiyo ni karibu 17,000, na nilichookoa ni dakika 35 tu, kwa sababu vijiji vyote bado ni 50, na kuanzia Chalinze nikakaa nyuma ya malori mpaka Mlandizi kama kila mtu.

Ya cc 1500 sijaipima kwa hiyo siisemei. Desemba tunaenda tena Dodoma, nitarudi na 90 ile ile ya kwendea, mizigo ile ile, nione ule mteremko unanirudishia lita ngapi.