Marti Report kwa Mustang ya 1968: uzoefu wangu

Kama unafufua Mustang ya zamani, agiza Marti Report, yaani ripoti ya jinsi gari lako lilivyotoka kiwandani, kabla hujanunua hata bolti moja. Mimi nina fastback (Mustang yenye paa linaloteremka hadi nyuma) ya 1968 yenye injini ya inchi za ujazo 390 hapa Texas, na karatasi hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza ya kazi.

Marti Auto Works wana leseni ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya 1967. Unawapa namba ya chasisi, wanakueleza gari lilivyotoka kiwandani: rangi, injini, giaboksi, difu na nyongeza zote zilizoagizwa. Nilichukua ile ya Deluxe kwa sababu ina tarehe, na tarehe ndizo zilizoniokolea hela. Gari langu liliundwa San Jose, Aprili 1968.

Muuzaji mmoja wa spea aliniapia kuwa intake manifodi (chuma kinachopitisha hewa na mafuta kwenda kwenye silinda) aliyonayo ni ya gari kama langu kabisa. Nikapitisha brashi ya waya kwenye rangi ya buluu mpaka maandishi yakajitokeza: 8F20. Ford waliandika mwaka, herufi ya mwezi, kisha siku. A ni Januari, F ni Juni (herufi I wanairuka). Chuma kilichomiminwa Juni hakiwezi kuwa kilifungwa kwenye gari lililokamilika Aprili. Sikuinunua.

Kinachowapoteza wengi ni namba ile nyingine, ndefu, inayoandikwa kwenye chuma cha spea. C ni miaka ya 1960, 8 ni 1968, halafu inafuata herufi ya gari: Z ni Mustang, O ni Fairlane, A ni Ford kubwa kama Galaxie. Mtu akiona O kwenye Mustang anaitupa spea orijino akidhani imetolewa gari jingine. Inauma sana! Herufi hiyo inataja gari ambalo spea ilibuniwa kwa ajili yake mwanzoni, na Ford walitumia vyuma hivyohivyo kwenye magari mengi. Silinda hedi za injini ya 428 Cobra Jet, zinazosakwa mno na wenye Mustang, zimeandikwa C8OE-6090-N. Na usiitafute namba ya kwenye chuma katika katalogi ya spea, kwa kuwa hiyo ni ya wahandisi; ya dukani huwa tofauti.

Ripoti haisemi kilichomo garini leo. Hapo lazima uingie uvunguni mwenyewe. Kuanzia 1968 Ford waligonga sehemu ya namba ya chasisi kwenye bloku na giaboksi. Kwangu ilikuwa nyuma ya bloku, chini ya grisi iliyoganda. Nilikwangua, nikamulika kwa tochi na kioo kidogo, na namba ikalingana. Ya giaboksi haikulingana. Ripoti inasema gari lilitoka na gia nne za mkono, kwa hiyo mwenye giaboksi hiyo, ya tarehe isiyozidi Aprili 1968, anijulishe na anitumie picha ya namba kwanza.