Warzone 2100: studio ilikufa, gemu bado naicheza

Enzi za sekondari nilikuwa na CD ya Warzone 2100, imekwaruzika lakini inasoma. Mwaka jana niliiweka kwenye laptopu mpya, nikaona skrini nyeusi, kisha kimya. Nikajua ndiyo basi tena, maana Pumpkin Studios, Waingereza walioitengeneza, walifunga mwaka 2000, mwaka mmoja tu baada ya gemu kutoka. Fundi wa kumlalamikia hayupo.

Kumbe gemu ilikuwa imeshapata watu wengine wa kuilea. Tarehe 6 Desemba 2004 kodi yake, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha gemu, iliachiliwa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, injini nzima, na mashabiki wakaichukua. Nilipakua toleo jipya bure, bila namba ya siri wala kufungua akaunti, na ndani ya robo saa nilikuwa nachimba mafuta kwenye ramani ileile ya utotoni. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na haina kadi ya picha ya maana, lakini gemu inakwenda bila kukwamakwama.

Kwa ambaye hajawahi kuicheza: hii ni gemu ya vita ambayo hupewi vifaru vilivyo tayari. Unaviunda mwenyewe. Unachagua bodi, yaani umbo la kifaru, labda Viper jepesi au Python zito, unachagua kitakacholitembeza, yaani matairi, minyororo au hova ya kuelea juu ya ardhi, halafu unafunga silaha juu. Nikifunga Lancer, kombora la kuvunja vifaru, kwenye Python lenye minyororo, navunja vifaru vya adui kimoja baada ya kingine, ila kombora hilohilo likikutana na ngome ya zege linakuwa kama unarusha kokoto. Basi inabidi urudi kiwandani ukafikiri upya. Sijaona gemu nyingine inayonifanya nikae nusu saa nawaza juu ya kifaru kimoja.

Kilichonifanya niandike haya ni jambo lililotokea Jumapili moja na mpwa wangu wa darasa la saba. Nilikuwa nimefungua faili la weapons.json, ambamo kila silaha ya gemu imeorodheshwa pamoja na namba zake. Akachungulia begani kwangu. "Mjomba, hiyo namba ukiibadilisha inakuwaje?" Ilikuwa namba ya madhara ya bunduki ya kwanza kabisa, ile dhaifu ya kuanzia. Nikamwambia aibadilishe. Akaizidisha mara kumi, tukahifadhi, tukafungua gemu. Kigari chake kidogo cha matairi kikafyatua risasi chache tu, kifaru cha adui kikalipuka. Hakucheka, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hii ya chini yake ni ya nini?" Tulikaa hapo mpaka saa mbili usiku.

Baadaye nikaingia ndani zaidi, kwenye kodi yenyewe, iliyoandikwa kwa lugha ya C++. Kuikompaili, yaani kuigeuza iwe programu inayofunguka, mara ya kwanza kulinichukua jioni nzima kwa sababu kompyuta yangu ilikosa maktaba kadhaa za programu, ila maelekezo yanazitaja zote kwa majina na nilizipata moja moja. Ukifungua faili lolote la zamani, juu kabisa utakuta mistari miwili ya hakimiliki. Wa kwanza una jina la Eidos Interactive, kampuni iliyoiuza gemu, na miaka 1999 hadi 2004. Wa pili unaanzia 2005 na una jina la mradi wa mashabiki. Mistari hiyo niliitazama muda mrefu. Jina la mwenye mali wa kwanza halikufutwa.

Nina sababu ya kuguswa kiasi hiki. Niliwahi kulipia programu ya kuhariri video, kwa fedha niliyodunduliza. Kampuni ikafungwa, seva ya kuhakiki leseni ikazimwa, na kazi zangu za miaka miwili zikafungiwa humo mpaka leo. Sasa kazini natumia Blender, programu ya bure ya kutengeneza picha na video, ambayo nayo ni yatima aliyeokolewa: kampuni yake ya Uholanzi ilipokufa mwaka 2002, watu walichanga euro 100,000 kwa wiki saba, wakaikomboa kodi.

Kwa Warzone hata hivyo mambo hayakunyooka siku ya kwanza. Mwaka 2004 filamu fupi za kusimulia hadithi na muziki havikuwemo, na haikueleweka vizuri nini kinaruhusiwa kuhusu picha na sauti za gemu. Jibu lilipatikana Juni 2008, leseni ilipofafanuliwa na filamu nazo zikaingia. Miaka mitatu na nusu! Injini bila hadithi yake ni gari lililoondolewa viti. Mtu yeyote mwenye kodi ya studio iliyokufa, naomba afanye kazi ya karatasi kwanza, aeleze kila kitu ni cha nani, ndipo aachilie.

Kasoro zipo. Vifaru vikiwa vingi kwenye njia nyembamba vinasukumana kama daladala zinazogombea abiria, na kituo cha matengenezo hugeuka foleni. Kampeni ni ngumu, hasa sehemu ya pili, Beta, maana misheni nyingi zina saa inayohesabu kurudi nyuma. Nimeshindwa misheni moja mara nne na bado naisukuma. Ukianza, hifadhi mchezo kabla hujapandisha kikosi kwenye ndege ya kusafirisha, na peleka gari moja la matengenezo hata kama unaona linakula nafasi ya kifaru.