Ziara ya mizabibu Bourgogne na shemeji mpima ardhi: shambani nyota tano, kwenye kuonja mbili

Shemeji alipokuja kututembelea Paris mwezi wa kumi alisema mnara wa Eiffel ameuona kwenye kalenda miaka yote, unamtosha, yeye apelekwe shamba. Ni mpima ardhi mstaafu huyu, mtu wa Dodoma, kwao zabibu ziko mpaka nyuma ya jiko, kwa hiyo nikasema basi twende Bourgogne, mkoa wa waini wa hukuhuku Ufaransa (wanaosoma lebo za Kiingereza wanaijua kama Burgundy, ni kulekule). Tukalipia ziara ya nusu siku, euro 95 kwa kichwa, kigari cha watu nane, mnaondokea mjini Beaune saa tatu asubuhi mnarudi saa saba mchana, mashamba kwanza halafu kuonja waini. Jina la kampuni naliacha maana huko mbele ntalalamika na sitaki maneno na mtu.

Kufika ni rahisi, treni ya kasi kutoka Paris mpaka Dijon kama saa moja na nusu, pale unapanda treni ndogo dakika 20 hivi uko Beaune, ila kwa kuanza saa tatu itabidi ulale hukohuko. Na msichague Jumamosi kama sisi, ni siku ya soko, magari hayapiti, tulisimama kwenye baridi dakika 25 tunasubiri kigari huku shemeji amevaa kile kikoti chake cha harusi.

Gaidi wetu (wa watalii, sio wa bunduki) alikuwa dada wa miaka kama 30 hivi, familia yake wakulima wa hukohuko, Kiingereza chake cha kuokoteza kama changu kwa hiyo tulielewana sana. Nilichompendea hakuanza na waini. Alipaki gari pembeni ya ile barabara kubwa, D974, akatushusha wote akasema geukeni muangalie kilima. Basi. Darasa lote lilikuwa pale na mi naona zile euro 95 zilirudi hapohapo.

Iko hivi. Hii sehemu ya Bourgogne inaitwa Côte d'Or, ni mteremko mmoja mrefu kama kilomita 50 kutoka Dijon kwenda kusini, mwembamba sana, umeangalia mashariki kwenye jua la asubuhi. Chini ya barabara, tambarare, sehemu kubwa ni daraja la mkoa, la chini kabisa kati ya madaraja manne ya waini ya huku, chupa yake inaandikwa Bourgogne na zabibu yaweza kutoka popote mkoani. Ukivuka barabara ukaanza kupanda unaingia daraja la kijiji, chupa inabeba jina la kijiji. Panda tena kidogo unakuta premye kru (Premier Cru, daraja la pili kutoka juu), lebo inataja kijiji na mara nyingi na jina la shamba lenyewe. Afu pale katikati, kwenye tumbo la kilima, ndo gran kru (Grand Cru, daraja la juu kabisa), wao hawataji kijiji kabisa, jina la shamba peke yake linatosha kama vile mtu maarufu asivyohitaji jina la baba. Ukizidi kupanda madaraja yanashuka tena mpaka unakuta msitu. Gran kru zote ukizichanga ni kama asilimia 1 tu ya waini ya Bourgogne, sasa ukiona bei usishangae.

Kwa nini tumbo la kilima na sio kichwani au miguuni, nilidhani ni majivuno tu ya Wafaransa, kumbe ni maji. Juu kabisa kuna baridi na udongo ni kidogo mno. Chini udongo ni mzito, mfinyanzi, maji yanatuama na baridi ya usiku inajikusanya huko, mzabibu unashiba unalewa maji zabibu zinakuwa kubwa ladha hamna. Katikati kuna mawe ya chokaa na udongo kiasi, maji yanapita, jua lipo, mti unahangaika vya kutosha. Dada alichimbua kidogo kwa kisigino cha buti juu, akaja akachimbua chini, ukiweka mkononi unaona kabisa ni vitu viwili, na umbali wenyewe hata kuku hachoki.

Sa shemeji alikuwa kimya muda wote, mikono nyuma. Ghafla akauliza: bikoni (yale mawe ya mpaka) ziko wapi?

Nikatafsiri kwa shida. Dada akacheka akasema hilo swali hajawahi kuulizwa, ila akajibu vizuri kweli, kwamba mipaka ya apelasioni (jina la waini linalolindwa kisheria kwa eneo ilikotoka) haichorwi kwa macho, inafuata vipande kwenye ramani ya ardhi ya serikali, kipande kwa kipande, kwa hiyo mistari miwili ya mizabibu iliyopandwa mwaka mmoja na mtu mmoja inaweza kuwa daraja tofauti kwa sababu mpaka umepita katikati yake. Kila kipande kina jina lake la zamani, wenyewe wanaita klima (climat), neno lilelile la hali ya hewa ila hapa haihusiani, ni shamba lenye jina na mpaka. UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015, klima 1,247. Ramani ya kuzipanga kwa ubora ilitengenezwa Beaune 1861, sheria ya apelasioni ikaja 1935, mwaka uliofuata wakaanza kuzigawa rasmi. Shemeji akanigeukia: "Hii sio habari ya pombe shemeji, haya ni mambo ya ofisi ya ardhi." Kuanzia hapo ndo akawa anatembea mbele ya dada mwenyewe.

Tukaenda Vosne-Romanée kuona Romanée-Conti, ile ambayo chupa moja inafika bei ya gari. Msitegemee geti wala walinzi. Kuna kiukuta kifupi, msalaba wa jiwe, na kibao kinachokuomba usiingie kwenye mizabibu, mwisho. Ukubwa hekta 1.81, yani hata ekari tano hazifiki, mmiliki mmoja. Shemeji akasema shamba la marehemu babu yake ni mara tatu ya hilo na wanalima karanga.

Ila kilichomfurahisha zaidi ni jirani yake, klima inaitwa La Grande Rue, utepe mwembamba uliobanwa kati ya Romanée-Conti na La Tâche, zote mbili gran kru. Hiyo ya katikati ilikaa premye kru mpaka 1992. Dada anasema wakati wa kugawa madaraja miaka ya 30 mwenye shamba hakuomba daraja la juu kwa sababu ya kodi, wenzake wakapanda yeye akabaki. Udongo uleule, jirani kushoto, jirani kulia, kilichotofautiana ni karatasi. Shemeji alicheka mpaka akakaa kwenye kiukuta (hairuhusiwi nadhani). Na karatasi zinaendelea mpaka leo, kusini huko Pouilly-Fuissé walikuwa hawana premye kru hata moja, wamepewa klima 22 kuanzia 2020.

Kituo cha tatu Clos de Vougeot na hapa ndo naomba mnisikilize kama mnapenda kununua waini kwa kuangalia daraja. Ni shamba la kama hekta 50 lililozungushiwa ukuta, walianzisha watawa wa Cîteaux karne ya 12, wapo wanaosema watawa walikuwa wanaonja udongo kwa ulimi ili kujua wapande wapi, mi siamini na shemeji alikataa kabisa kwa niaba ya taaluma. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja, mali za kanisa zikachukuliwa zikauzwa, mwaka 1889 shamba lenyewe likagawanywa kwa wanunuzi kadhaa, baada ya hapo mirathi, maana sheria ya Napoleon inataka watoto wote wagawane, sasa hivi wamiliki ni kama 80. Themanini ndani ya ukuta mmoja! Wengine wana mistari michache tu. Na kwa kuwa ukuta ulikuwepo kabla ya sheria, ukuta ndo ukawa mpaka: shamba lote ni gran kru, kuanzia juu karibu na kasri iliyomo humo ndani kwenye mawe mazuri mpaka chini kabisa barabarani, kwenye kale kaudongo kazito tulikokashika asubuhi.

Maana yake unaelewa. Watu 80, wengine hodari wengine wavivu, wengine juu kwenye mawe wengine chini kwenye matope, lebo zao zote zinasema Clos de Vougeot Grand Cru. Daraja limepewa ardhi, mtu hajapewa. Kule Bordeaux, mkoa mwingine wa waini, ni kinyume, ile orodha yao maarufu ya 1855 imepanga majina ya kasri, yani kampuni za waini zenyewe, mtu akinunua kiwanja cha jirani hapohapo kijijini kinaingia kwenye jina. Huku Bourgogne jina la shamba linakwambia waini imetoka wapi, na jina dogo la mkulima pale chini ya lebo ndo linakwambia kama imelimwa na mtu mwenye akili.

Mtego mwingine ni wa vijiji. Kijiji cha Gevrey mwaka 1847 kilijiongezea jina la shamba lake maarufu kikawa Gevrey-Chambertin, vingine vikaiga, Puligny ikawa Puligny-Montrachet na kadhalika. Kwa hiyo Chambertin ni gran kru, Gevrey-Chambertin ni ya kijiji, na Charmes-Chambertin ni gran kru tena. Mi nilishawahi kumpelekea bosi zawadi Gevrey-Chambertin nikijua nimempa ile kubwa, na nilimwambia hivo kwa mdomo wangu.

Haya, kuonja. Hapa ndo nyota zilipokatika. Tulipelekwa kwenye ghala moja la chini kwa chini mjini, pazuri, mapipa, mishumaa, mwenyeji amevaa skafu. Tangazo lilisema tutaonja madaraja yote manne, tukaonja matatu, na hiyo gran kru ilikuwa tone la dawa ya macho, nilitikisa glasi ikapotea. Kisha jamaa akaanza kuuza. Chupa ya Bourgogne ya kawaida kabisa akaishika juu akatuonyesha maandishi "Grand Vin de Bourgogne" kama vile ni cheo, wakati dada kwenye gari ametoka kutuambia maneno hayo hayana daraja lolote, yeyote anaweka. Nikamwangalia dada, dada anaangalia simu. Clos de Vougeot yake euro 140, nikauliza kipande chao kiko juu au chini ya ukuta, akasema gran kru ni gran kru. Shemeji hajui Kifaransa lakini alisoma uso wa yule bwana akaniambia "huyu kiwanja chake kiko mtoni." Mlango wa kutokea unapita kaunta, na wale wazee wa Kimarekani tuliokuwa nao walinunua kreti mbili.

Kwa hiyo kama mtaenda, chukueni ziara ya mashamba tu (wanayo, euro 60, nimeona baadaye) au kodini baiskeli Beaune, kuna njia ya baiskeli inapita katikati ya mizabibu kwenda kusini mpaka Santenay. Waini nunueni kwa mkulima mwenyewe, na kama mfuko ni kama wangu angalieni Marsannay, au Saint-Aubin kwa nyeupe, jirani kabisa na Puligny na wana premye kru zao ila bei haijapata wazimu, au shukeni Givry na Mercurey.

Sisi mchana ule tulimwomba dada atuelekeze kwa mtu anayemwamini, kwa upande wake akasaidia kweli, nadhani aliona aibu. Mzee mmoja karakana yake nyuma ya nyumba, hana mshumaa hata mmoja. Shemeji akanunua chupa ya daraja la mkoa, Bourgogne Côte d'Or, euro 19, akaifunga ndani ya suruali mbili mpaka Dodoma. Juzi kanitumia picha, chupa tupu pembeni ya sahani ya kitimoto, na chini kaandika dada yako anauliza ile ya kwenye kiukuta ilikuwa shilingi ngapi, nimemwambia sijui.