Fort Jesus, Mombasa: nenda kwa ajili ya ukuta mmoja

Nimepiga picha magofu mengi ya pwani yetu, Kilwa Kisiwani hadi Gedi, na wenzangu wa kamera huniuliza kama Fort Jesus, ngome kongwe ya Wareno, inastahili kiingilio chake. Inastahili. Lakini usiingie kwa ajili ya mizinga, wala lile lango ambalo kila mgeni hupigia picha. Ingia utafute ukuta uliochorwa.

Wareno waliowekwa zamu humo ndani walichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, na kipande cha kazi yao kimehifadhiwa ndani ya ngome. Kuna merikebu na milingoti yake, samaki, watu, na kinyonga mmoja. Mbele ya kinyonga huyo nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Merikebu ni kitu ambacho baharia huweza kukichora hata akiwa amefumba macho. Kinyonga lazima mtu alimwona, akamshangaa, akaona si haki kumwacha bila kumchora. Vitabu vimetutunzia majina ya wakubwa: Mfalme Philip II wa Hispania, aliyekuwa pia akitawala Ureno, ndiye aliyeamuru ngome ijengwe, Cairati, Mwitaliano, akaichora ramani yake, ujenzi ukaenda tangu 1593 hadi 1596. Waliochora ukutani hawana majina. Mimi ninayesafiri nikipiga picha za vitu vidogo ambavyo hakuna aliyeniagiza, ninawaelewa hao zaidi kuliko ninavyomwelewa mfalme.

Sisemi hivi kuwapamba. Mombasa ilichomwa moto na Wareno mwaka 1505 na tena 1528, kabla hata jiwe la kwanza la ngome halijawekwa. Mkono uliochora kinyonga ulikuwa mkono wa mtu aliyekuja na bunduki. Yote mawili yamo katika ukuta mmoja, na ndiyo maana nataka watu wauone wenyewe badala ya kutegemea picha zangu.

Kwa mwenye kamera: zima flashi. Mwanga mkali unadhuru rangi za kale, na pia hufuta ile mikwaruzo ambayo ndiyo uzuri wenyewe. Ongeza ISO (uwezo wa kamera kuhisi mwanga), shika pumzi, piga. Chukua picha moja ukiwa umesimama mbele kabisa, ya kumbukumbu, kisha sogea ubavuni uone jinsi mstari wa mkaa unavyopanda na kushuka juu ya chokaa isiyo laini. Lenzi ya milimita 50 ilinitosha kwa kazi yote.

Kwingineko ndani ya ngome, saa ndiyo inayoamua. Hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Adhuhuri jua huua kila kitu. Kuta za mawe ya matumbawe huwa nyeupe tupu, na watu huzunguka wakitafuta kivuli. Baada ya saa tisa alasiri kuta hizo hizo hugeuka rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi, na kila tundu la jiwe hupata kivuli chake. Ningekuwa na saa moja tu, ningeingia saa kumi.

Chumba cha vyungu na kauri nilikipita haraka, isipokuwa vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya ngome hiyo hiyo. Ilikuja wakati wa mzingiro mkubwa wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698 walipoiteka ngome. Jambo ambalo wageni wengi hutoka bila kulijua ni kwamba Waswahili walikuwa pande zote mbili za ukuta. Wareno walipokuwa wakifa kwa maradhi, ulinzi wa ndani uliongozwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wake.

Kisha kuna upande wa Waomani: ukumbi wenye mihimili ya mbao iliyochongwa maandishi, na nyumba iliyojengwa juu ya ngome, ambako upepo wa bahari unaingia. Mazrui, ukoo wa Kiomani, walitawala Mombasa kutoka humu hadi Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowang'oa mwaka 1837, na hizo ndizo siasa ambazo Muyaka bin Haji alizitungia mashairi. Niliketi hapo na udi wa mwanamuziki wa taarab Zein l'Abdin masikioni, na ningependa kila mtu ajaribu: muziki ule na mbao zile vinasikilizana. Waingereza wakaja wakaifanya ngome kuwa jela, tangu 1895 hadi 1958. Picha za kuta za enzi hiyo sikuzipata nzuri. Nafasi imebanwa na mwanga haupiti.

Kuhusu viongozi wa kukutembeza: chukua mmoja, mpatane bei mapema, na uchague mtu wa Mji wa Kale. Wangu alikuwa mzee wa makamo mwenye Kimvita kisafi, Kiswahili cha Mombasa kinachosema "kwanda" kwa kwanza na "mato" kwa macho. Aliponiona nimeganda nyuma ya kamera akaniambia, "Mwanangu, iweke kamera kwanda, utazame kwa mato." Nikaitikia, "Naam, mzee," nikaiweka. Ndipo akanionyesha samaki ambaye sikuwa nimemwona kabisa, na picha niliyompiga baadaye ni bora kuliko zote za siku ile.

Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, na hutofautiana kwa raia, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho na simu yenye chaji. Watoto watafurahia mizinga. Wazee wapewe muda, maana ngazi na mawe yasiyo sawa huwachosha.

Ukitaka picha ya ngome nzima, hiyo haipatikani ukiwa ndani. Upande wa bahari hupata jua la asubuhi, kwa hiyo tafuta mashua mapema, mwambie nahodha akae mbali kidogo ili minara ya pembeni isikatwe, na vaa kamera shingoni kabla hujapanda.