Uzoefu wangu: kubadilisha pedi na diski za breki, na hela ilikokwenda

Kwa wiki mbili gari lilikuwa likilia kila nikigusa breki taratibu. Sauti nyembamba, ya chuma kukwaruza chuma, nikikanyaga kwa nguvu inanyamaza. Nikaizoea. Kilichonitia hofu ni siku niliyokuwa nateremka mlima mrefu na wanangu wawili kiti cha nyuma. Usukani ulianza kutetemeka mikononi, pedali nayo inausukuma mguu juu na kuuachia, juu na kuuachia. Nilipofika chini nikaegesha pembeni, nikashuka, na pale gurudumu la kulia mbele nikakutana na harufu ya kitu kilichoungua. Kesho yake asubuhi nilikuwa gereji.

Bei za kazi hii hupanda na kushuka kufuatana na gari, diski na mahali ulipo, kwa hiyo sitataja kiasi. Nitaeleza hela iligawanyika vipi, ipi nililipa kwa moyo mweupe, na ipi nilinusurika kuilipa bure.

Gereji ya kwanza hawakufungua gurudumu hata moja. Kijana aliyenipokea aliangalia kilomita kwenye dashibodi, 118,000, akauliza gari linafanyaje, akaingia ofisini. Akatoka na karatasi ya makadirio: pedi (vipande vinavyobana) na diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) za magurudumu yote manne, kalipa mbili mpya za mbele (kalipa ndiyo inayozishika pedi na kuzibana kwenye diski), mafuta ya breki, ufundi. Nikamuuliza kalipa zina tatizo gani. Akanijibu, "Zimechoka, dada." Nikauliza amejuaje na gari liko chini, matairi yake yote yamefungwa. Akasema kwa kilomita hizo huwa zimechoka. Nilishukuru, nikachukua ile karatasi, nikaondoka. Nilikuja kuilinganisha baadaye na risiti yangu: ilikuwa karibu mara tatu ya nilicholipa.

Gereji ya pili nilielekezwa na mtu ninayefanya naye kazi. Ni ndogo, ina fundi mkuu na vijana wawili. Fundi mwenyewe alikaa kwenye usukani kwanza, tukazunguka dakika kumi hivi, anakanyaga breki kwa mwendo tofauti na kusikiliza. Tuliporudi akainua gari, akaliweka juu ya stendi, akavua matairi yote manne. Kisha akaniita: "Dada, njoo uone mwenyewe kabla sijagusa kitu."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa breki. Alichomoa pedi mbili za gurudumu la kulia mbele akaniwekea kiganjani. Ya nje ilikuwa bado nene, milimita 6. Ya ndani ilikuwa haifiki milimita 2, na kile kibati kidogo kilichofungwa pembeni yake kilikuwa kimeng'aa kwa kusuguana na diski. Kumbe ile sauti niliyoizoea ni kibati hicho. Kazi yake ni hiyo tu: pedi ikikaribia kwisha kinaigusa diski na kupiga kelele ili dereva asikie. Pedi mpya za mbele huwa na milimita 10 hadi 12 za kusuguliwa, na mafundi wengi husema ikifika 3 badilisha. Mimi nilikuwa nimeshapita hapo, na watoto nyuma.

Nikamuuliza inakuwaje pedi za gurudumu moja ziishe tofauti namna hiyo. Hakujibu kwa maneno. Alishika pini ya kalipa akajaribu kuivuta kwa vidole, haikusogea. Akaishika kwa koleo, akaizungusha huku akivuta, ikatoka na uchafu wa kahawia uliokauka kama tope la juzi. Mpira wake ulikuwa umechanika na maji yameingia. Halafu akanieleza. Kalipa ya gari langu ni ya kuelea. Pistoni, kile kipande kinachosukumwa na mafuta ya breki, iko upande wa ndani tu. Inaisukuma pedi ya ndani kwenye diski, kisha mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ikutane nayo. Pini ikikwama, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inabeba kazi peke yake, na hata ukiachia mguu inaendelea kuigusa diski. Ndiyo ile harufu ya kuungua.

Kalipa zenyewe zilikuwa nzima. Alisukuma pistoni, zikarudi ndani bila ubishi, na mipira yake haikuvuja hata tone. Kilichotakiwa ni pini na mipira ya pini, vitu ambavyo bei yake haikaribii kabisa ya kalipa mpya.

Zikafuata diski. Alisugua ukingo wa ya kulia kwa brashi ya waya hadi maandishi yakatokea: MIN TH 23. Huo ni unene wa chini kabisa ambao mtengenezaji anauruhusu. Mpya ilikuwa na milimita 25. Alipima kwa maikrometa, kifaa cha kupimia unene, sehemu kadhaa kuizunguka, na pembamba zaidi akapata 22.6. Ya kushoto 23.2. Akaniambia nipitishe ukucha juu ya uso wa diski, nao ukawa unakwama kwenye mifereji, na pembeni kabisa kulikuwa na tuta ambalo pedi haikulifikia. Nilikuwa nimesikia kwamba diski zinaweza kukerezwa zikasawazika, kwa hiyo nikauliza. Akasema hiyo ya kulia imeshavuka kikomo, kuikereza ni kuikonda zaidi, na diski nyembamba haina chuma cha kutosha kulibeba joto. Ya kushoto ingekerezwa ingevuka kikomo nayo. Na diski hubadilishwa mbili kwa ekseli moja, kulia na kushoto pamoja, vinginevyo gari linaweza kuvuta upande mmoja ukifunga breki.

Akahamia nyuma. Pedi milimita 7. Diski 8.7, na kikomo chake ni 7.5. Akazirudisha kama zilivyo. "Hizi bado zina kazi ya kukufanyia." Breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kusimamisha gari, kwa kuwa ukikanyaga uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo ni kawaida za nyuma kudumu zaidi. Gereji ya kwanza wangeniuzia diski mbili na pedi nne nisizozihitaji.

Sasa hela yenyewe. Tuchukulie nililipa mia moja kwa jumla. Diski mbili za mbele zilichukua 42. Seti ya pedi za mbele, 23. Ufundi, 22. Mafuta ya breki na kazi ya kuyabadilisha, 8. Pini, mipira na grisi yake, 5. Ukiangalia vizuri, diski peke yake zimekula karibu nusu, na ndiyo maana mtu akikuambia "pedi na diski" ni lazima umuulize diski ina kosa gani na imepimwa ngapi. Na hizo 5 za mwisho ndizo chanzo cha yote. Pini ingepakwa grisi mapema, diski ya kulia isingefika ilikofika.

Hapa lazima nieleze jambo linaloniuma. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha pedi za mbele. Nilichukua za bei ya chini kabisa, zikafungwa kwenye diski zilezile zilizokuwa zimeshaanza mifereji, na fundi wa wakati ule hakuzigusa pini. Kazi ya dakika arobaini. Nilitoka pale nimefurahi kwamba nimeokoa hela. Pedi mpya ikikaa juu ya diski yenye mifereji inagusa vilele tu mpaka ijichonge kufuata umbo la diski, na wakati huo inakula joto na kulika haraka. Nikijumlisha malipo yale na haya, zile pedi za rahisi nimezilipia mara mbili.

Safari hii kwenye pedi nilipewa uchaguzi wa aina tatu. Za ogani ni laini na tulivu lakini huisha mapema. Zenye mchanganyiko wa chuma hustahimili joto kali na zinafaa gari linalobeba mizigo, ila zina kelele kidogo na huila diski zaidi. Za seramiki zina vumbi dogo, hazipigi kelele, na bei yake iko juu. Mimi ni mtu wa mizunguko ya mjini na safari ya mara mojamoja, nikachukua seramiki. Diski nikachukua za kawaida zenye matundu ya hewa katikati, kama zile za mwanzo. Alikuwa nazo pia zilizotobolewa usoni, bei juu sana, na mwenyewe akasema kwa matumizi yangu sitaona tofauti. Fundi anayekuzuia usinunue kitu cha ghali dukani kwake, huyo mimi namrudia.

Nilikaa nikaangalia kazi yote. Kalipa aliifunga kwa waya kwenye springi, hakuiacha ining'inie kwenye paipu yake. Alisugua kutu kwenye uso wa habu, pale diski inapokaa, mpaka chuma kikaonekana, maana punje ya kutu ikibaki nyuma ya diski, diski inakaa kombo. Alipoifunga akaweka kipimo cha mshale na kuizungusha, ikayumba milimita 0.03, kikomo kwa magari mengi ni kama 0.05. Diski mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, akaziosha kwa dawa ya kupulizia na kuzifuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Pini akazipaka grisi ya silikoni. Akanionya kwamba grisi ya kawaida huvimbisha mipira na pini zinakwama upya. Nati za matairi akazikaza kwa mtindo wa msalaba, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Mwisho kabisa, kabla ya kuwasha gari, alikanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu. Hilo mtu akilisahau, breki ya kwanza anayoikanyaga barabarani inazama hadi chini.

Tukatoka. Akanielekeza nipande hadi kilomita 50 kwa saa, nipunguze kwa utaratibu mpaka 10 bila kusimama, nirudie kama mara kumi, kisha niendeshe bila kushika breki ili zipoe. Hivyo tabaka jembamba la pedi linahamia kwenye diski na kuenea sawasawa. Ukiruka hatua hii linashika kwa mabaka, na mtetemo unarudi wakati diski ni mpya kabisa.

Yapo niliyoyalalamikia. Mafuta ya breki hayakuwemo kwenye makadirio aliyonipa mwanzo. Alinieleza kazi ikiwa katikati. Alinionyesha yalivyokuwa, rangi ya chai ya rangi, miaka 4 hayajabadilishwa, na sababu yake naikubali: mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na aina ya DOT 4 ambayo ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230 huweza kushuka hadi 155 ikishanyonya maji. Kwenye mteremko mrefu mafuta yakichemka pedali inakuwa laini na gari halisimami. Lakini angeyaangalia wakati ule anapima vingine, nami ningejua jumla yangu mapema. Pia aliniambia saa mbili, nikatoka baada ya saa tano, kwa kuwa pini zilifuatwa dukani. Mwenye kibarua cha mchana ajipange.

Kaka yangu aliniambia tungeweza kuifanya wenyewe nyumbani. Kwa mbele, mwenye jeki nzuri, stendi na uzoefu anaweza, na ataokoa hiyo 22 ya ufundi. Gari langu nyuma lina breki ya mkono ya umeme, ambayo lazima ifunguliwe kwa kompyuta kabla pistoni haijarudishwa, na ukiilazimisha unaharibu mota yake. Na kusema kweli, kwa kifaa kinachosimamisha gari lenye wanangu, nilitaka mtu mwenye maikrometa.

Leo ni mwezi wa nane tangu kazi ile na nimeshatembea kilomita 11,000. Asubuhi baada ya mvua kubwa nasikia mkwaruzo wa kutu nyepesi kwenye breki ya kwanza, ya pili imeisha. Usukani umetulia kwenye mlima uleule. Mwezi uliopita nilirudi akavua gurudumu la kulia mbele: pedi ya ndani milimita 9, ya nje 9, zikiwa zilianza na 11. Hakunitoza. Ile pini aliivuta kwa vidole viwili ikatoka.

Akachukua risiti yangu ya mwanzo, ile ambayo nyuma yake alikuwa ameandika vipimo vya magurudumu yote manne, akaongeza mstari wa pili chini yake na tarehe. Za nyuma zimefika 6. Tumekubaliana aziangalie tena baada ya kilomita 10,000, na risiti naiweka kwenye droo ya gari.