Kibati cha rangi za maji chenye vidonge 12: miezi minane ya kukijaribu katika bustani ya uani

Kibati hiki nilikinunua mwezi wa Oktoba mwaka jana katika duka la vifaa vya ofisi jijini Dar es Salaam kwa shilingi 85,000, na tangu hapo nimekitumia karibu kila siku katika bustani ya nyumbani kwangu Tanga. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si za kampuni moja. Nimezikuta katika vibati viwili vingine vya bei hiyo hiyo, na yeyote anayenunua rangi za daraja la wanafunzi atakutana nazo mapema au baadaye.

Kinachouzwa ni bati lenye ukubwa wa kiganja, vidonge 12 vya rangi ndani yake, mfuniko unaofunguka ukawa sahani ya kuchanganyia, brashi moja inayobeba maji ndani ya mpini wake, na kijitabu cha karatasi kumi. Vidonge vyenyewe ni njano mbili, nyekundu moja, waridi moja, zambarau moja, buluu mbili, kijani mbili, rangi mbili za udongo na nyeusi moja. Kwa mtu anayechora mezani vitu hivi vyote vinatosha kuanzia. Mimi sichori mezani. Tangu nimpate mwanangu wa pili sina nafasi ya kubeba vifaa hadi ufukweni, na hivyo kazi zangu zote za miaka minne hii zimetoka katika kipande cha ardhi ambacho nakivuka kwa hatua kumi na mbili: mwembe mmoja, migomba mitatu, mhina uliopandwa karibu na bomba, bogonvilia juu ya ukuta, mrehani ndani ya ndoo zilizotoboka, na mwasumini alioupanda mama mkwe wangu kabla sijaolewa katika nyumba hii. Kwa hiyo kipimo changu cha rangi ni hicho tu, yaani kama inaweza kuyafikia ninayoyaona uani.

Nianze na kijani, maana bustani ya pwani ni kijani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kijani kimoja kati ya viwili vilivyomo kina namba PG7, ambayo ni namba ya kimataifa ya unga wa rangi uliotumika, na nilipokipaka peke yake katika jani la mgomba kilitoka kama ndoo ya plastiki. Hilo si kosa la kiwanda, kwa kuwa unga huo ndivyo ulivyo popote unapouzwa, mkali na baridi, na haufanani na jani lolote ninalolijua. Jani la mgomba linahitaji rangi tatu au nne kwa wakati mmoja: upande unaotazama juu unang'aa na kuakisi mbingu, hivyo kwa kweli ni buluu hafifu; upande ambao jua linapenya kutoka nyuma ni njano iliyoguswa na kijani; na kwenye mpasuko ambapo upepo umelichana kuna ukingo wa kahawia mwembamba kama uzi. Nimeyapata hayo yote kwa kuchanganya buluu na njano za kibati hiki bila kugusa kijani chake hata kidogo. Buluu yenye namba PB29 ikikutana na njano iliyoiva hutoa kijani kizito cha majani ya mwembe yaliyokomaa, na buluu ya pili, ile ya PB15, ikikutana na njano ya ndimu hutoa kijani cha mrehani uliomwagiliwa asubuhi. Chipukizi za mwembe, ambazo hutoka zikiwa na wekundu wa shaba kabla ya kugeuka kijani, zilipatikana kwa rangi ya udongo na tone la nyekundu.

Hiyo PB29, kwa wanaopenda kujua, ni unga ule ule ambao mama zetu waliujua kama buluu ya kufulia kanzu na shuka nyeupe. Zamani rangi ya namna hii ilisagwa kutoka katika jiwe la thamani lililochimbwa Afghanistan, lakini tangu karne ya 19 inatengenezwa kiwandani na bei yake ikawa ya kawaida. Katika kibati hiki ndiyo rangi bora kuliko zote, na ningekuwa nainunua peke yake ningelipa bila kusita.

Taabu iko kwenye maua. Bogonvilia ya ukutani kwangu ina rangi ambayo ukichanganya nyekundu na buluu huipati hata ukikesha, kwa sababu nyekundu ya kawaida imeelekea kwenye uchungwa na mchanganyiko wake hutoka kama damu ya mzee. Kidonge cha waridi kilichomo ndani ya bati kiliipata mara moja, kwa mng'ao uliokaribia kunipumbaza. (Sehemu ile yenye rangi, kwa anayetaka kuichora vizuri, ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kijineli cheupe kilichosimama katikati, na wengi hukisahau.) Nilichora bogonvilia mara tisa kati ya Oktoba na Novemba, na mchoro mmoja ukanunuliwa na mteja wa hapa mjini, aliyeutundika sebuleni mbele ya dirisha.

Kilichonitia shaka ni kwamba karatasi iliyofunga kidonge hicho haikuwa na namba yoyote, wakati vidonge vingine vyote isipokuwa zambarau vilikuwa nazo. Tarehe 1 Desemba nilipaka mstari mmoja wa kila rangi juu ya karatasi moja, nikaikata karatasi katikati, nusu nikaibandika kwenye kioo cha dirisha la magharibi ambako jua la kaskazi hupiga hadi magharibi inapoadhiniwa, na nusu nikaifungia kabatini. Tarehe 1 Machi nilizirudisha pamoja. Buluu zote mbili, rangi za udongo, nyeusi na kijani hazikubadilika kwa jicho langu. Njano ya ndimu ilikuwa imepauka kidogo. Zambarau ilikuwa imegeuka buluu, jambo linaloonyesha kwamba ilitengenezwa kwa kuchanganya buluu na waridi ile ile. Waridi yenyewe ilikuwa imeondoka, na palipokuwa na mstari pamebaki kivuli ambacho mtu angedhani ni doa la chai. Nilimpigia simu yule mteja siku hiyo hiyo, nikaenda na mchoro mwingine, na ule wa kwanza nilipoushusha ukutani niliona majani ya bogonvilia yamekuwa rangi ya ngozi ya kitunguu. Hakunilaumu, lakini fedheha niliyoipata haimo katika zile shilingi 85,000.

Wachoraji waliofuata mkondo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hawakuwa na shida hii, kwa kuwa walipaka mbao zao kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli. Sisi wa rangi za maji tunafanya kazi na unga mwembamba ulioshikwa kwa gundi ya migunga, ambayo nyingi hutoka Sudan, na chembe hizo hazina kitu cha kuzikinga na jua isipokuwa ubora wao wenyewe. Kwa hiyo kidonge kisicho na namba kisipewe nafasi katika kazi ya kuuza.

Mwasumini ulinipa mtihani wa aina nyingine, ambao kibati kiliufaulu zaidi kuliko mimi. Ua jeupe juu ya karatasi nyeupe halichorwi. Kinachochorwa ni giza la majani yanayolizunguka, na lenyewe linabaki karatasi tupu pamoja na kivuli chembamba cha buluu penye mkunjo wa petali. Nilifanya hivyo asubuhi tatu mfululizo na kuridhika. Mama mkwe, ambaye mpaka leo huchuma asumini na mrehani kwa ajili ya kikuba, aliutazama mchoro akaurudisha mezani. "Mwanangu, haya ni maua ya jana," alisema. Alikuwa sahihi, kwa sababu asumini hufunguka jua linapoelekea kuzama, na yale niliyokuwa nikiyachora asubuhi yalikuwa yamekwisha kulegea na kuanza kupata umanjano kwenye ncha. Sasa natoka saa kumi na mbili kasorobo jioni, nina dakika thelathini za mwanga, na ni katika dakika hizo nimejifunza kwamba ile brashi yenye maji ndani, niliyoidharau mwanzoni, ina thamani yake: hakuna kikombe cha kumwagika, na mkono mmoja unabaki huru kushika tawi. Ubaya wake ni kwamba hutona unapoibana sana, na tone moja limeniharibia kazi ya jioni nzima zaidi ya mara moja.

Unyevu wa masika ndio uliofichua kasoro nyingine. Kuanzia mwezi wa Aprili vidonge havikukauka tena hata nilipoliacha bati wazi usiku kucha, vikawa kama halua, na baada ya wiki mbili ukungu mweupe uliota juu ya njano na rangi moja ya udongo. Nilikwangua ukungu kwa kisu, nikapangusa bati kwa kitambaa chenye siki, na tangu hapo nalihifadhi ndani ya kopo pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Ukungu haujarudi.

Kijitabu cha karatasi hakistahili maneno mengi. Ni cha gramu 200 kwa mita ya mraba, hakina pamba, na kikilowa hupanda na kushuka kama bati la paa. Nunua karatasi ya pamba ya gramu 300 kando, hata kama ni chache, uitumie pande zote mbili.

Kwa anayeanza, au kwa anayechora majani, udongo, kuta na vivuli, nakipendekeza kibati hiki kwa bei hiyo. Kwa mchoraji anayeuza maua, ushauri wangu ni kung'oa vidonge vya waridi na zambarau siku ya kwanza na kujaza nafasi moja kwa rangi ya tyubu yenye namba PR122 au PV19, ambayo mimi niliagizia Nairobi kwa shilingi 28,000 za Tanzania. Niliijaza katika kidonge kitupu, nikaiacha siku nne ikauke, na bogonvilia imepatikana tena, kwa mng'ao mdogo kidogo kuliko ule wa zamani. Nusu ya mstari wake iko dirishani tangu mwanzo wa mwezi huu, na nusu iko kabatini.