Nilibadili makava yote ili pikipiki iwe nyeupe, tanki ndilo lililonitesa

Pikipiki yangu ni Kawasaki Ninja 300, na ilipofika mikononi mwangu ilikuwa kijani, ile rangi ya ndimu ambayo ukiiona tu kwa mbali unajua ni Kawasaki. Sikuwa na ugomvi nayo. Lakini jua lilishaila. Ubavu wa kulia, ambao ndio uliotazama jua kila nilipoegesha, ulikuwa umepauka kuliko wa kushoto. Halafu siku moja niliiegesha kwenye udongo uliolowa mvua, stendi ikazama, pikipiki ikalala taratibu kama ng'ombe anayejilaza. Kava la kushoto, yaani plastiki inayofunika ubavu wa pikipiki, likapata mkwaruzo wa urefu wa kiganja na sikio moja, kile kishikio chenye tundu la bolti, likakatika. Nikasema: kama kava lazima linunuliwe, basi yanunuliwe yote, na rangi ibadilike kabisa. Nikachagua nyeupe ya lulu.

Njia zilikuwa tatu. Kubandika stika ya kufunika mwili mzima ndiyo nyepesi kuliko zote, na ukiichoka unaibandua, ila haiungi sikio lililokatika na kila mkwaruzo ulio chini yake unajichora juu. Kupaka rangi makava yaleyale kunataka fundi mwenye subira: msasa, kuziba mikwaruzo, praima ya plastiki, rangi, kisha klia, lile tabaka angavu la juu, na muda wote huo pikipiki iko uchi. Ya tatu ni kununua seti iliyokwisha kupakwa, ukafungua ya zamani na kufunga mpya. Nikaichukua hiyo. Haikuwa seti ya kiwanda kilichotengeneza pikipiki, ilikuwa ya kuiga, na muuzaji aliapa kwamba kila tundu limekaa palepale lilipo kwenye la asili. Kiapo hicho mtakisikia tena.

Sanduku lilikuja zima. Rangi, niseme haki, ilikuwa safi: hakuna mchirizi, hakuna vumbi lililonaswa ndani ya klia, na ukigeuza kipande kwenye mwanga kinameta kama ndani ya ganda la kombe. Lakini ubora wa kava husomwa mgongoni. Nikageuza. Alama ya >ABS< ilikuwepo, yaani jina la aina ya plastiki, kama kwenye makava yangu ya zamani, na hilo lilinifurahisha kwa sababu nitakayoieleza. Kingo za masikio zilikuwa na vinyama vya plastiki ambavyo ilibidi nivikate kwa wembe. Masikio yenyewe yalikuwa membamba. Ukiyabana kwa vidole yananesa, wakati ya asili hayatikisiki.

Seti za kuiga hazilingani. Zipo zinazotengenezwa kwa kudunga plastiki ya moto ndani ya kalibu, na zipo zinazotokana na bamba la plastiki lililolainishwa kwa moto kisha likakandamizwa. Za kwanza hukaa vizuri zaidi maana masikio na matundu huzaliwa humohumo ndani ya kalibu. Hizi za pili matundu yake mara nyingi hutobolewa baadaye kwa mkono, na mkono wa mtu ukichoka tundu linahama. Kuna na za faibaglasi, ila hizo ni za watu wa mashindano: nyepesi, na nyingi hazina hata nafasi ya taa. Yangu iliuzwa kama ya kudungwa. Naamini hivyo kwa vipande vingi. Kwa ubavu wa kushoto, sina hakika.

Kufungua makava ya zamani kulikuwa raha kuliko nilivyoogopa. Chora umbo la pikipiki kwenye kadibodi, kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye kadibodi mahali ilipotoka. Bolti hizi hufanana kwa macho lakini urefu unatofautiana, na ndefu ukiipeleka kwenye tundu la fupi inaweza kwenda kugusa kitu kisichotaka kuguswa. Zile klipu nyeusi za plastiki zina kitufe katikati: kibonyeze kidogo tu kwa ncha butu, klipu inalegea na kutoka. Ukikibonyeza kwa hasira kinazama moja kwa moja na kupotelea ndani. Mimi nilipoteza viwili kabla sijajifunza adabu. Na kama pikipiki yako ni ya Kijapani, tafuta bisibisi ya nyota ya kipimo chao, JIS. Ile ya kawaida inaonekana kuingia, ukikaza inapanda juu na kula kichwa cha skrubu.

Baada ya saa mbili Ninja ilibaki mifupa, waya na rejeta. Mtoto wa jirani akaja akauliza, “Mjomba, umeiharibu?” Nikamwambia bado.

Kufunga ndiko kulikonila. Kanuni ni kwamba makava yote yaning'inie kwanza, bolti zote zishike nyuzi mbili tatu kwa vidole, kisha ndipo uanze kukaza, ukizunguka kidogokidogo. Ukikaza kipande kimoja hadi mwisho, cha pili hakikutani nacho. Nilifuata hilo. Kichwa cha mbele kikaingia, ubavu wa kulia ukaingia, mkia ukaingia kana kwamba ni wa kiwanda. Ubavu wa kushoto: tundu la chini limehama milimita nne. Ukiliridhisha la chini, la juu linakataa.

Nikampigia muuzaji. “Kaka, hiyo kawaida, chonga kidogo na tupa ya duara.” Nikamkumbusha kiapo. Akasema kiapo kinahusu matundu ya juu. Basi nikachonga, tundu likawa na umbo la yai, nikaweka washa pana juu yake. Ila kabla ya kuchonga nilikuwa nimeshafanya ujinga wa kujaribu kulivuta kwa nguvu, na sikio moja jembamba likasema tak.

Hapa ndipo ABS iliponiokoa. Plastiki hii huyeyuka kwenye asetoni. Nilivunja vipande vidogo vya kava la zamani lililokuwa limeshaharibika, nikaviloweka kwenye kopo la kioo lenye asetoni hadi kesho yake, vikawa uji mzito wa kijani. Sikio nikalishikiza mahali pake, nikapaka uji nyuma kwa tabaka, nikazamisha kipande cha wavu wa chuma katikati ili upate mfupa, nikaacha siku mbili. Sasa hilo ndilo sikio gumu kuliko yote kwenye pikipiki. Fanya mahali penye hewa na mbali na moto, na usidondoshe tone upande wa mbele maana asetoni haichagui, rangi nayo inaondoka. Na angalia alama kwanza. Kava likiwa limeandikwa >PP< hiyo ni plastiki nyingine, asetoni hailifanyi kitu, utaloweka hadi uchoke.

Sasa tanki.

Tangazo la seti lilisema wazi kwamba tanki halimo. Niliisoma sentensi hiyo na kuipita, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Tanki la Ninja 300 ni la chuma, haliji na makava ya plastiki, na liko katikati ya pikipiki, mbele ya kifua chako, mahali ambapo jicho la kila mtu linatua kwanza. Nilipomaliza makava, nilikuwa na pikipiki nyeupe yenye tumbo la kijani cha ndimu. Kama yai viza.

Nikalipeleka kwa fundi rangi. Kulitoa kwenyewe kuna utaratibu wake: nilitumia mafuta hadi yakakaribia kwisha, maana linabeba lita 17 na hutaki kulibeba likiwa na kitu. Pampu ya mafuta iko ndani ya tanki, kwa hiyo nilichomoa soketi yake, nikaiacha injini iungurume hadi izime yenyewe ili presha iishe kwenye mpira wa mafuta, ndipo nikauchomoa nikiwa nimeshika kitambaa. Fundi alilitazama, akatazama na kipande cha kava nilichomletea, akatikisa kichwa. “Bosi, nyeupe ya kawaida ningekupa kesho. Lulu ni tabaka tatu. Nyeupe ya chini, lulu yenyewe, klia. Lulu ukiizidisha mpigo mmoja, rangi inageuka. Na hawa waliopaka kava lako sijui walipiga mipigo mingapi.”

Nikamwambia ajaribu. Akajaribu kwa uaminifu, na kazi yake ilikuwa safi, simlaumu. Gereji ndani, chini ya taa, tanki na makava vilikuwa ndugu wa baba mmoja. Nikaisukuma nje juani: tanki limeelekea maziwa ya mgando, makava yameelekea bluu kidogo. Ukishaiona tofauti hiyo huwezi kuacha kuiona. Rafiki zangu wote walisema haionekani, na wote waliposema walikuwa wanaliangalia tanki.

Nilikaa na hali hiyo miezi miwili. Kisha nikapata tanki jeupe la asili, limetoka kwenye Ninja iliyogongwa nyuma. Nilimulika ndani kwa tochi kuona kutu, nikapitisha kiganja juu nikiwa nimefumba macho kutafuta bonde, maana mkono huhisi kilichofichwa na mng'ao. Lilikuwa zima. Ila mfuniko wake una kufuli la ufunguo wa pikipiki nyingine. Usikubali kutembea na funguo mbili: mfuniko unafunguliwa kwa bolti zilizouzunguka, nikahamisha wangu, ufunguo ukabaki mmoja.

Je, tanki la asili lilifanana na makava ya kuiga? Hapana, siyo kabisa. Lakini lilikaribia kuliko lile la kupakwa, kiasi kwamba unahitaji jua la saa sita na nia mbaya kuona. Hapo ndipo nilipogundua nilianza na mguu usio wake. Ningetafuta tanki kwanza, la asili, lenye rangi niitakayo, halafu ndipo nitafute makava ya kulifuata, ikiwezekana ya asili yaliyotumika, hata yakiwa na mikwaruzo miwili. Makava yako mengi sokoni na yanapakika upya. Tanki zuri ni la kuwinda.

Kosa langu jingine lilikuwa la uvivu. Makava ya chini ya asili yana karatasi ya fedha ya kuzuia joto mgongoni, upande unaopakana na bomba la moshi. Seti yangu ilikuja bila. Nilibandua ya kushoto kwa kupashia gundi joto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikaihamishia kwenye kava jipya. Ya kulia iligoma kubanduka vizuri, giza likaingia, nikasema nitafanya wiki ijayo. Wiki ijayo nikakwama kwenye foleni, pikipiki ikitembea mwendo wa mguu, feni ya rejeta ikilia. Nilipofika nyumbani kava la kulia lilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa sarafu, limelainika. ABS huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 100, na bomba la moshi linavuka hapo bila hata kujisumbua. Uvimbe upo hadi leo.

Mlio pia upo. Injini ikifika mizunguko kama elfu tano, kuna kava linalia kama nyuki ndani ya chupa. Nimeweka vipande vya povu lenye gundi kila mahali plastiki mbili zinapogusana, nikabadilisha vipira vya chini ya bolti, mlio ukapungua kwa kiasi kikubwa. Haujaisha. Makava ya asili hayakuwahi kulia, hata lile lenye sikio lililokatika.

Kadi ya usajili kama ina sehemu ya rangi, ibadilishe mapema. Mimi nilisahau, na askari wa barabarani alisoma “kijani”, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nilimwonyesha namba za fremu na za injini, zote zilisomana na kadi, akaniachia kwa onyo. Angetaka kunipotezea siku nzima angekuwa na haki.

Niipe alama ngapi seti hii? Kwa rangi, nane kwa kumi. Mwaka umepita na haijapauka wala kuvimba, ukiacha pale nilipojichomea mwenyewe. Kwa kukaa mahali pake, tano, na hizo tano ni za kichwa, mkia na ubavu wa kulia. Kwa muuzaji, mbili. Kama makava yako ni mazima na umeichoka rangi tu, bandika stika, usijitafutie kazi. Kama yamevunjika matatu au manne, seti ina maana.

Makava ya kijani yaliyosalia nimeyafunga kwenye blanketi juu ya kabati. La kushoto halimo, nimeshalimega robo nzima kwa ajili ya uji, na lile kopo bado liko gereji. Majirani wawili wameshakuja kuomba kijiko.